Solange na Ile ya Kijani

Vijana wa ofisi yetu ya ukalimani hapa Columbus waliniaga kwa pilau, keki yenye jina langu lililokosewa herufi moja, na saa ya ukutani. Sijui kwa nini mtu anayeacha kazi ya kukimbizana na miadi hupewa saa. Tukiwa tunakula, mmoja wao akaniuliza: "Mwalimu, katika kazi zote ulizofanya, ni ipi iliyokufundisha zaidi?" Nikamwonyesha kwa kidole kwamba mdomo umejaa, nikitumaini atasahau. Hakusahau. Ameniuliza tena na tena kwa simu, basi namjibu kwa maandishi, wenzake nao wasome.

Mkalimani hawezi kusimulia kazi yake bila kugusa siri za watu, na siri hizo si mali yake. Kwa hiyo niliomba ruhusa kwa mwenye siri hii. Alicheka kwenye simu, akasema: "Andika, Mama. Lakini ubadilishe jina yangu. Na kama unabadilisha, unipe jina ya Kifaransa yenye kelele." Basi nitamwita Solange.

Nilianzia Louisville. Kabla ya kuja Marekani kusoma nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari huko Nakuru, na masomo yalipokwisha mimi na mume wangu tulikuwa tukiishi Highview, kwenye apatimenti zinazotazamana na duka la matairi. Majirani wetu wengi walitoka Uvira, Fizi na Bukavu. Niliajiriwa ukalimani kwa sababu msimamizi aliamini kwamba Kiswahili ni kimoja. Nami niliamini hivyo, tena kwa kiburi cha mtu aliyezoea kusahihisha insha za watu kwa kalamu nyekundu.

Siku yangu ya kwanza, mzee mmoja wa Fizi alimweleza muuguzi kupitia kwangu kwamba munganga alimkataza chumvi. Kwetu Kenya mganga ni yule wa mizizi na vibuyu. Nilikuwa nimeshafungua kinywa, kitu kikanizuia, nikamgeukia mzee: "Mganga gani, Baba?" Akanitazama kwa huruma. "Ule wa hapa, Mama. Ule wa koti nyeupe. Kwenu banamwita je?"

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi tena. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mrundi, Mwalimu Deo, mtu mwembamba aliyevaa tai hata Jumamosi. Alikuwa amefundisha watoto katika kambi huko Kigoma, kwa hiyo Kiswahili cha pande zote za ziwa kilikuwa kimepita masikioni mwake. Alituambia tuketi nyuma kidogo ya bega la mgonjwa, ili daktari amtazame mgonjwa, asitutazame sisi. Alituambia neno likitushinda tusimamishe chumba kizima na kuuliza. "Daktari atangoja," alisema. "Aibu yako haina miadi." Lakini alilolirudia zaidi ni hili: mgonjwa akisema "ninaumwa," usiseme "anasema anaumwa." Sema "ninaumwa." Ukisema "anasema," umejitoa chumbani, umemwacha mwenzako peke yake.

Nilifikiri hilo la mwisho ndilo jepesi kuliko yote. Unabadilisha tu kiambishi.

Mume wangu alipopata kazi Buffalo tulihama, na nikajua kwamba kile nilichokuwa nikikiita baridi Louisville kilikuwa utani. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi. Wakongomani walikuwa wengi pale, hospitali zilikuwa na njaa ya wakalimani, nami sikukaa bure. Asubuhi moja ofisi ikanipigia: kliniki ya fiziotherapia, yaani ya mazoezi ya viungo, inataka mkalimani wa Kiswahili wa kukaa naye chumbani, si wa simu. Awe mwanamke. Na mgonjwa mwenyewe ameomba asiwe Mkongomani.

Ombi kama hilo si dharau. Mtu akikataa mkalimani wa kwao, ujue anachoogopa ni kanisa la Jumapili.

Nilimkuta kwenye chumba cha kungojea, msichana mrefu mwenye koti kubwa kuliko yeye, akikaa kwa upande mmoja wa paja kama mtu aliyekalia jiwe. Alinipima kwa macho.

"Mama, wee unasali wapi?"

"Upande wa pili wa mji. Na ninayoyasikia humu hayatoki humu, hata kwa mume wangu."

"Bon," akasema, akanifuata ndani.

Mtaalamu wetu aliitwa Marlene, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira na sauti ya mtu asiye na haraka. Alikuwa na mfano wa nyonga wa plastiki mezani, na ndani yake misuli ya rangi nyekundu iliyotandazwa kama kitanda cha kamba. Alimwomba Solange aeleze kwa maneno yake mwenyewe kilichomleta. Solange akaanza, nami nikaanza, kila mtu kwa lugha yake.

Alizaliwa akaitwa mvulana. Tangu angali mdogo alijua kwamba yeye ni msichana, na jambo hilo lilimfukuza Bukavu, likamfikisha Kampala, likamleta Buffalo kwa shangazi yake. Wiki kadhaa kabla ya siku ile, madaktari wapasuaji walikuwa wamemtengenezea uke. Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini baada ya upasuaji wa namna hiyo kuna kazi ambayo daktari hawezi kukufanyia: unapewa vifaa laini vya plastiki, vya unene tofauti, na mara tatu kwa siku unalala, unaingiza kimoja, unakiacha kwa karibu nusu saa, ili njia mpya isijifunge. Mwili haujui kwamba ile ni zawadi. Unaiona ni kidonda, na kidonda kazi yake ni kufunga.

Kwake ilikuwa inajifunga. Kila akijaribu aliumia, alikaza, akaumia zaidi.

Haya yote niliyasema kwa Kiingereza kwa "mimi." Mimi nina uke mpya. Mimi ninaogopa. Mimi, mwanamke wa Nakuru, msimamizi wa akina mama kanisani, mke wa mtu. Nilisikia sauti yangu ikitaka kukimbilia "anasema." Nikamkumbuka Deo na tai yake, nikabaki pale.

Neno la kwanza kunishinda lilikuwa la kile kifaa chenyewe. Nikatoa "kipanuzi," nililolitengeneza papo hapo kwa ujuzi wangu wote wa ngeli. Solange akashtuka.

"Kipa-nini? Mama, hiyo inasikika kama kitu ya kupasua mbao."

Nikasimamisha chumba, nikamweleza Marlene kwamba mkalimani amebuni neno na mgonjwa amelikataa. Marlene akacheka, akafungua mfuko wa vifaa mezani. Kila kimoja kilikuwa na rangi yake: zambarau kilikuwa chembamba, bluu kikafuata, kisha kijani. Solange akaonyesha kwa kidole. "Hii ya bleu inaingia kidogo. Hii ya vert inakataa kabisa." Tukamaliza mjadala wa istilahi. Tangu hapo tulisema ya bluu na ya kijani, kama wanunuzi wa kitenge.

Wakati wa uchunguzi niliketi nje ya pazia, uso wangu ukitazama ukuta uliobandikwa picha ya ziwa. Marlene hakupenda alichokiona mahali pa mshono. Alimrudisha kwanza kwa daktari mpasuaji, kwa sababu mazoezi si dawa ya kila kitu. Nilikwenda naye huko pia. Daktari alikuta kinyama chekundu kimeota kwenye mshono, jambo la kawaida, akakipaka dawa ya kukiunguza. Kisha akasema lile ambalo sikutaka kulisema kwa "mimi" wala kwa "wewe": njia imeanza kuwa fupi na nyembamba. Ikiendelea hivyo, huenda ikabidi arudi kwenye meza ya upasuaji, na mara ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Unafanya mara ngapi kwa siku?" daktari aliuliza.

"Tatu," Solange alisema.

"Tatu," nikasema.

Vijana wangu, mtasikia "tatu" nyingi za namna hiyo. Sikio lenu litajua. Nanyi mtasema "tatu," kwa sauti ileile, kwa sababu hamkuajiriwa kuwa hakimu.

Tuliporudi kwa Marlene, hata ile ya bluu ilikuwa imeanza kukataa. Marlene akavua glavu, akavuta kiti, akaketi chini kuliko mgonjwa wake. "Solange," akasema, nami nikafuata, "mimi si polisi. Niambie siku yako inavyokwenda, kuanzia asubuhi."

Kimya hakitafsiriwi, unakiacha kilivyo.

"Bon," Solange akasema. "Nilidanganya. Ni mara moja. Siku zingine hapana kabisa." Kisha yakatoka yote. Anaishi kwa shangazi, yeye na binamu zake wanne, vyumba viwili. Chumba anacholala hakina ufunguo. Akijilaza tu, mtoto anagonga anataka chaja. Bafu ni moja, na foleni ni ya watu sita. "Donc niko nafanya haraka haraka, niko nasikiliza mulango, niko nasukuma kwa nguvu ili imalizike. Inauma. Kesho yake naogopa kuanza. Shangazi anafikiri ni operesheni ya tumbo. Sikumwambia."

Marlene hakukaripia. Alichukua ule mfano wa nyonga akamwonyesha jinsi misuli ile inavyojikunja mtu anaposikiliza mlango. Haikuwa inakataa kwa ubaya, alieleza. Ilikuwa inamlinda, kama mkono unaokwenda usoni kabla hujaamua. Akamwekea mito chini ya magoti. Akamwambia aweke mkono tumboni na kupumua mpaka mkono unyanyuke. Akamrudisha kwenye ile ya zambarau, ya kwanza kabisa, na jeli nyingi ya kulainisha. "Iweke mlangoni tu," nilisema kutoka nje ya pazia. "Usisukume. Ngoja. Ukitoa pumzi, sogea kidogo. Ikikataa, usibishane nayo, rudi kupumua."

"Nimerudi darasa ya kwanza," Solange akasema kwa uchungu.

"Umerudi mahali ambapo hakuna maumivu," Marlene akajibu. "Tutajenga kutoka hapo. Lakini unahitaji chumba."

Siku ile Solange alinifuata mpaka kwenye maegesho ya magari. Theluji ilikuwa inaanguka ile ya pole pole.

"Mama, wee unajua maneno. Uje kwetu. Useme na shangazi. Wee ni mutu muzima, atakusikia."

Nilitaka kwenda. Namwambia kila anayesoma hapa kwamba nilitaka sana. "Siwezi, Solange. Kazi yangu ni kuyasema yale mnayoyasema nyinyi. Nikianza kusema yangu, kesho hutajua sauti ni ya nani. Lakini shangazi akija hapa, kila neno lako nitalibeba. Na lake pia."

"Na lake pia," alirudia kwa hasira, akaenda kwenye kituo cha basi bila kuniaga. Jioni ile niliunguza mboga ya sukuma wiki, mume wangu akala bila kuuliza. Huo ndio upendo.

Sikutegemea Solange atamwomba shangazi, wala shangazi atakuja. Akaja. Mama Riziki alikuwa mwanamke mfupi mwenye kitenge chini ya koti la theluji, mkoba wake mapajani umeshikwa kwa mikono miwili. Solange aliketi kando yake kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Marlene alimkaribisha, akamwuliza kwa upole hali ikoje nyumbani.

"Mutoto wa kaka yangu anakula muzuri," Mama Riziki alianza. "Lakini analala vibaya. Tangu operesheni yake, anafichama, anakasirika."

Na hapo nikakwama.

Ninyi mnaojua Kiswahili mtanielewa. Anakula, analala, anakasirika: ni mtu, basi. Lugha yetu haiulizi zaidi. Unaweza kuishi nyumba moja na mtu miaka, umpikie, umwombee, bila kutamka hata siku moja kama kwako ni wa kike au wa kiume. Mama Riziki alikuwa akiishi ndani ya nafasi hiyo. Hakumwita Solange kwa jina la zamani wala jipya. Alisema "mutoto," na amani ikawepo. Sasa Kiingereza kilikuwa kinangoja upande wa pili, na hakiwezi kusema "analala" bila kuchagua. Nikichagua mimi, nimemsemea shangazi jambo ambalo hakulisema.

"Mkalimani anaomba ufafanuzi," nikasema kwa lugha zote mbili. Kisha nikamgeukia. "Mama Riziki, uniwie radhi. Kiingereza hakina 'analala' ya mtu tu. Kinanitaka niseme kama ni mwanamume au mwanamke. Wewe unataka niseme vipi?"

Solange alifunga macho. Mama Riziki akautazama mkoba wake.

"Kiingereza chenu kinapenda kesi," akasema. "Na yeye mwenyewe alisema je?"

"Alisema mwanamke."

"Alisema mwanamke." Alilirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Akamgeukia Solange. "Hii ndiyo operesheni ulifanya? Si tumbo?"

"Si tumbo, Shangazi."

"Na ulienda peke yako. Bila mutu ya kukushika mukono."

"Niliogopa utanifukuza."

Mama Riziki akavuta pumzi ndefu. "Miye nilikutoa kwa mugongo ya mama yako alipofariki. Nikakubeba. Sikuuliza kitu." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ikawa ya mtu anayemaliza biashara. "Mama mukalimani, sema mwanamke. Sikukuja hapa kubishana na Kiingereza."

Basi nikamwambia Marlene: mtoto wa kaka yangu anakula vizuri, lakini analala vibaya. Kwa Kiingereza ilikuwa sentensi ya kike. Ni sentensi ya kawaida kabisa, muuguzi yeyote husikia mia kama hiyo, na ilibidi niinywee maji ndipo niimalize.

Solange alilia. Marlene alisukuma boksi la karatasi laini mpaka katikati yetu, na nusu yake nikaitumia mimi.

Baada ya hapo mambo yakawa ya kawaida kwa haraka ya kushangaza. Mama Riziki alitaka kujua kinachohitajika. Chumba chenye mlango unaofungwa, Marlene alisema, nusu saa, asubuhi, mchana na jioni, na mtu asigonge.

"Ni hiyo tu?" Mama Riziki akauliza. "Chumba yangu iko na ufunguo. Nilifikiri mutasema kitu ya nguvu." Kisha akasimulia kwamba Bukavu aliwahi kufua mashuka hospitalini, kwenye wodi ya akina mama walioshonwa baada ya kujifungua kwa shida na baada ya mabaya ya vita. "Bale bamama baliogopa mwili yao yenyewe," alisema. "Wakati ya kusafisha kidonda, banakaza meno, banaacha kupumua. Muuguzi anabakumbusha: pumua, mama, pumua." Akamtazama Solange. "Wee unapumua?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi upumue."

Marlene aliposikia tafsiri yangu alisema kwamba hilo ndilo somo zima, na kwamba yeye alihitaji mfano wa plastiki kulifundisha.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilinyooka. Nyumbani, Mama Riziki aliwakusanya watoto akawatangazia kwamba dada yao ana mazoezi ya munganga, na atakayegonga mlango ataosha vyombo. Solange alituambia hayo akijaribu kuwa mtulivu, lakini "dada yenu" alilitaja mara tatu. Watoto walijibu kwa Kiingereza kwamba sawa, sawa, na mmoja wao aliosha vyombo wiki nzima kabla ya kuamini. Ya zambarau ikaingia bila maumivu. Ya bluu ikafuata baada ya siku nyingi, nusu, kisha yote. Halafu wiki moja ya baridi kali alianza tena kazi ya kufua nguo hotelini, akachoka, akapitwa na siku mbili, na ya bluu ikakataa tena. Alikuja akiwa ameshakata tamaa.

"Mwili yangu haina akili," alisema.

"Mwili una kumbukumbu," Marlene alijibu. "Uliogopa muda mrefu. Utaukumbusha kitu kingine muda mrefu vilevile."

Wakapanga upya: maji ya uvuguvugu kwanza, muziki wa kwaya anaoupenda kwenye simu, kisha mito, kisha pumzi. Akipata maumivu arudi rangi moja nyuma, na kurudi nyuma kusihesabiwe kuwa kushindwa. Marlene alimwandikia mwajiri wake barua fupi ya kuomba mapumziko ya mchana, bila kueleza zaidi ya lazima. Nami nikawa najifunza kusema "legeza" kwa namna kumi, kwa sababu neno moja likisemwa kwa kulazimisha linakaza badala ya kulegeza.

Siku moja theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka. Niliketi mahali pangu nikiitazama picha ya ziwa, ambayo kufikia hapo ningeweza kuichora. Marlene alikuwa akisema maneno yake ya kawaida, nami nayafuatisha: toa pumzi, ngoja, toa pumzi. Ghafla Solange akapaza sauti:

"Imeingia! Mama, ya vert imeingia! Haiumi!"

Mkalimani hubeba maneno, na Deo alitufundisha kwamba hubeba na sauti pia. Nikapiga kelele kwa Kiingereza kwamba imeingia na haiumi. Mtu wa mapokezi akagonga kuuliza kama tuko salama. Marlene alimjibu kwamba tuko salama kuliko alivyotuona mwaka mzima.

Miadi ilipungua. Daktari mpasuaji alipima, akasema hakuna haja ya meza ya upasuaji, akamruhusu kushuka hadi mara mbili kwa siku, baadaye moja. Sikumwona tena Buffalo. Ndivyo kazi yetu ilivyo: wakipona, wanapotea, na ukiwaona sokoni unajifanya huwajui mpaka wao waanze. Mama Riziki nilimwona mara moja kwenye duka la vyakula, akichagua ndizi. Alininyooshea ndizi moja kubwa kama salamu, akaendelea.

Kisha tukahamia Columbus, kwenye apatimenti ya Reynoldsburg, na nikaingia katika zama za ukalimani wa skrini, ambapo unaona paji la uso la daktari na dari ya chumba chake. Nilifundisha vijana, nyinyi mnaonisoma. Familia nyingi za Buffalo zilikuwa zinahamia huku kufuata kazi za ghala, kwa hiyo haikuwa muujiza nilipotumwa kwenye kliniki moja ya Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, nikamkuta Solange kwenye kiti cha kungojea. Sasa alikuwa anakaa sawasawa kwenye kiti, mguu juu ya mguu.

Alinyanyuka akanikumbatia. Alikuwa ghalani zamu ya mchana, akasema, amekuwa kiongozi wa mstari wake, na ana chumba chake mwenyewe. Mama Riziki alibaki Buffalo lakini hupiga simu kila Jumapili kuuliza kama anapumua. Alikuwa amekuja kwa uchunguzi wa kawaida tu, kwa mtaalamu mpya asiyemjua.

Mlango ukafunguliwa, jina lake likaitwa. Nikachukua mkoba wangu nimfuate, nyuma kidogo ya bega, kama kawaida.

"Mama," akasema, akinishika mkono, "leo ubakie inje. Niliomba mukalimani juu ya woga tu. Nataka kusema mwenyewe."

"Una hakika?"

"Nikishindwa nitakuita."

Akaingia. Nikaketi. Ukuta ulikuwa mwembamba, nami nimezoea kusikiliza, nisamehewe. Nilimsikia akieleza kwa Kiingereza chake cha ghala, kilichojaa maneno ya maboksi na mistari ya kupakia, lakini kinachosogea mbele bila kusimama. Mimi nilifanyiwa upasuaji. Mimi nilikuwa na shida. Mimi nilijifunza upya. Sasa ni mara moja kwa wiki, haiumi. Daktari akauliza kitu, Solange akajibu, wote wawili wakacheka.

Baada ya muda kichwa chake kikatokeza mlangoni.

"Mama, cicatrice, kovu, kwa Kiingereza ni nini?"

Nikamwambia. Akalirudia kwa midomo mpaka likakaa vizuri, akarudi kwa daktari wake.

Nilibaki kwenye kiti kile mpaka saa yangu ilipokwisha, kwa sababu ndivyo mkataba ulivyotaka. Neno moja kwa saa nzima. Sikumbuki siku nyingine niliyofanya kazi nzuri kuliko hiyo.